Namna ya Kwenda Vitani na Mbwa 130

Kabla hujapewa farasi wala mbwa, inakubidi kwanza uwe sungura. Ndivyo anavyoanza Nikolai Rostov, kijana wa kikosi cha farasi katika Vita na Amani ya Leo Tolstoy. Ni mwaka 1805, mapigano ya Schöngrabern. Farasi wake ameanguka, mkono umekufa ganzi, Wafaransa wanamjia mbio. Haimwingii akilini kwamba watu hawa wanataka kumuua yeye, anayependwa na kila mtu kwao. Bastola anayo, badala ya kuifyatua anamrushia adui, kisha anatimua mbio. Tolstoy hafichi: anakimbia kama sungura anayefukuzwa na mbwa. Itunze hofu hiyo, msomaji, utadaiwa mbele ya safari.

Sasa nenda ukawinde. Fika Otradnoe, shamba la akina Rostov, Septemba 1810, na ukifika usiwe na haraka. Wanatoka na mbwa wapatao 130 na wapanda farasi kama 20. Kila mbwa anamjua bwana wake, kila msasi anajua mahali pake na kazi yake. Tafuta katika kitabu kizima jeshi lililopangika namna hiyo, hutaliona. Usiku wa kuamkia mapigano ya Austerlitz mpango wa vita unasomwa kwa kirefu hadi Kutuzov, jenerali wa Warusi, anapitiwa na usingizi. Kunapokucha, ukungu na mkanganyiko vinaumeza wote. Tolstoy alikuwa ofisa wa mizinga, alipigana Caucasus na Sevastopol, na mipango ya mezani aliijua inakoishia.

Cheo kiache nyumbani. Ukibisha, muulize mzee Ilya Rostov, mwenye shamba. Amepangiwa pa kuvizia, amekula, amekunywa, ametulia juu ya farasi wake, na mbwa mwitu anamponyoka mbele ya macho. Danilo, mkuu wa wasasi, anatokea kasi. Huyu ni mtwana. Kisheria ni mali ya mzee yule yule. Anamwinulia bwana wake mjeledi, anamporomoshea matusi, kisha hasira yote aliyomkusudia anaishushia mbavu za farasi wake mwenyewe na kutokomea. Mzee anabaki kama mtoto aliyeadhibiwa. Baadaye, mnyama akishakamatwa, anachomwambia Danilo ni kwamba ana hasira kweli kweli, na Danilo anatabasamu kwa haya. Anayetaka kuongoza watu vitani aanze na kurasa hizi, kwa sababu zinaonyesha amri ikishikwa na anayeijua kazi, na bwana akikubali.

Mnyama akija upande wako, omba. Nikolai anaomba kwa moyo wake wote. Bahati ilimkimbia Austerlitz, ikamkimbia tena kwenye karata alipopoteza rubli 43,000 kwa mpinzani wake Dolokhov. Sasa anamwomba Mungu ampe mbwa mwitu huyu mmoja tu. Anapewa. Karay, mbwa mzee, anamkaba mbwa mwitu, na Nikolai anapata furaha ambayo hajawahi kuionja maishani. Iache furaha hiyo ikuingie na wewe pia. Tolstoy mwenyewe alikuwa msasi wa damu. Desemba 1858 dubu alimng'ata usoni, akabaki na kovu kwenye paji la uso. Hukumu hairuhusiwi bado. Ila mbwa mwitu akishafungwa miguu, angali hai, kijiti kimepitishwa mdomoni, msogelee pamoja na wale wanaomgusagusa, umtazame macho. Anawatazama kishenzi, na papo hapo kwa unyofu.

Ukishayaona macho hayo, uko tayari kwa mapigano ya Ostrovna, Julai 1812. Nikolai, akiwa juu ya kilima, anaona askari farasi wa Kifaransa wakiwafukuza Warusi wenzake. Jicho lake ni lile lile la Otradnoe: anapima mwendo, anapima umbali, anajua dakika yenyewe ni hii. Hangoji amri. Anamkatia njia ofisa mmoja kama alivyozoea kumkatia mbwa mwitu, na upanga unashuka. Jeraha ni dogo tu, juu ya kiwiko. Kijana anaanguka kwa woga zaidi kuliko kwa pigo, mguu umenasa kwenye kikuku, na Nikolai anauona uso: tope, macho ya samawati, kishimo kidevuni, uso wa mtu wa nyumbani kabisa. Deni la Schöngrabern lilipwe hapa, kwa maana hofu iliyo machoni mwa kijana huyu ni ile ile uliyoitunza. Nikolai anapewa Msalaba wa Mtakatifu George na hawezi kuufurahia. Kwangu mimi, mapigano yote ya Borodino hayafikii uso huu.

Wenye pumzi waendelee hadi kwa Kutuzov baada ya Borodino, anayengoja kama msasi mzoefu aliyemjeruhi mnyama lakini hajui bado kama jeraha ni la kufa. Kisha wachukue kitabu chake Hadji Murat, kilichotoka 1912 Tolstoy akiwa kaburini, wawaone wauaji wakiizunguka maiti ya Hadji Murat kama wasasi juu ya windo.

Unaponunua, chunguza matoleo yaliyofupishwa. Bila mbwa mwitu wa Otradnoe, Mfaransa wa Ostrovna ni mateka mmoja tu kati ya maelfu. Ukikuta uwindaji umekatwa, mrudishie muuza vitabu nakala yake na udai iliyo kamili.