Linux Imekata Umeme

Ukiweka Linux kwenye kompyuta ya nyumbani, jiandae kubeba lawama za mtaa mzima. Kompyuta yenyewe mara nyingi haina neno. Tatizo ni kwamba kuanzia siku hiyo, chochote chenye waya kikigoma, aliyekigomesha anajulikana. Kwangu Tabata, umeme wa LUKU uliwahi kuisha katikati ya taarifa ya habari, na kabla sijaifikia mita nikasikia sauti kutoka jikoni: "Baba watoto, umegusa nini tena kwenye hilo lidude lako?" Mita ilikuwa inasoma sifuri. Shemeji yangu, aliyekuwa amekuja kula, akasema hiyo sifuri nayo si ya kuiamini moja kwa moja.

Shemeji ndiye kiongozi wa upinzani. Kila asubuhi hunitumia ujumbe wa sauti, mrefu, akieleza kwa nini Linux haiwezi kutumiwa na binadamu wa kawaida. Ujumbe huo anaurekodi kwenye simu ya Android, na kiini cha Android ni Linux ileile. Nilipomwambia, aliigeuza simu, akaiangalia mgongoni, akairudisha mfukoni. "Hii ya kwenye simu ni nyingine, shem. Hii wameshaitengeneza."

Sikumlaumu sana, maana hata mwenye nayo hakuitarajia makubwa. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 Chuo Kikuu cha Helsinki mwaka 1991 alipowatangazia wenzake kwamba anaandika mfumo wa kompyuta wa kujifurahisha tu, wala hautakuwa jambo kubwa. Tangu mwishoni mwa 2017, kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa kasi duniani zinaendeshwa na Linux. Zinatabiri vimbunga, zinapiga hesabu za nyota. Ya kwangu inagombana na printa.

Wala sikuiweka kwa itikadi. Laptopu yangu ni ya mtumba, niliipata Kariakoo ikiwa bado na alama ya stika iliyobanduliwa, ya ofisi fulani huko Ujerumani ambako ilishatumika ikastaafu. Microsoft ilipotangaza kwamba Windows 10 itaacha kupewa matengenezo ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 inadai kijidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, nikaikagua yangu. Kijidude cha toleo hilo hakikuwepo. Vingine vyote vilikuwepo: RAM ya gigabaiti 8, betri inayohimili sala moja, na kibodi ya Kijerumani ambayo Z na Y zimehamishana nyumba. Hiyo kibodi niliipangia mtindo wa Kiingereza niliouzoea vidoleni, kwa hiyo ukibonyeza palipoandikwa Z inatoka Y, na palipoandikwa Y inatoka Z. Mimi huwa siangalii kibodi, sioni tofauti. Ikumbuke hiyo kibodi.

Siku ya kwanza Wi-Fi haikushika. Kadi yake ilitaka draiva ambayo haikuja na mfumo. Ni ya kupakua kwenye intaneti. Intaneti nayo ilikuwa ya kupatikana kwa Wi-Fi. Mpwa wangu anayesoma chuo, mshauri wangu wa ufundi ambaye malipo yake ni chipsi kuku, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza: "Anko, una waya wa kuchajia?" Kumbe ukiunganisha simu na kompyuta kwa waya ule ule, kisha ukairuhusu simu igawe intaneti yake, kompyuta inaichukua bila maswali. Draiva ikashuka upesi. Wakati nampigia mke wangu simu ya intaneti kujigamba, Ubuntu nayo ilikuwa imeshanusa intaneti, imekumbuka masasisho yake ya mamia ya megabaiti, na inajipakulia bando la wiki bila hodi. Simu ikakatika katikati ya majigambo. Jioni niliambiwa Linux inakata simu.

Shemeji akataka kujua ni Linux ya aina gani. Nikamwambia Ubuntu 24.04, na jina lake la utani ni Noble Numbat.

"Numbat ni nani?"

"Mnyama wa Australia. Anakula mchwa."

"Umeweka mla mchwa kwenye kompyuta."

Nikajitahidi kumweleza kwamba kila toleo la Ubuntu hupewa jina la mnyama, na kwamba la kwanza kabisa, la Oktoba 2004, lilikuwa ngiri mwenye chunjua. Akauliza ngiri wa porini au ule ugonjwa. Nikahamia kwa mwanzilishi: Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, tajiri aliyejilipia safari ya anga za juu mwaka 2002, akakaa huko siku kadhaa, akarudi duniani, akaanzisha mfumo wa bure. Hapo shemeji alitulia. "Sasa nimeelewa," akasema. "Kuna kitu kilimpata huko juu."

Mzee huyo wa anga za juu, kwa miaka kadhaa hadi 2011, alikuwa akituma CD za Ubuntu bure kwa posta, popote ulipo, ukiwa tu na sanduku la barua. Wengi waliziagiza kwa sababu ilikuwa raha kupokea kitu kutoka Ulaya. Moja naijua ilipo: imening'inia kwa uzi shambani kwa baba mdogo, Kilosa, inafukuza ndege kwenye mpunga. Katika ukoo wetu ndiyo nakala pekee ya Ubuntu ambayo haijawahi kulalamikiwa.

Sasa turudi kwenye kibodi. Mke wangu ni katibu wa VICOBA. Jumamosi moja wanachama walikuwa wameshajaa sebuleni, orodha ya marejesho iko kwenye kompyuta yangu, printa imewaka taa na haitoi hata mstari, na mimi niko ndani ya daladala pale Buguruni, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Simu ikaita. Dawa naijua: huduma ya uchapaji inazimwa na kuwashwa upya kwa amri moja, *sudo service cups restart*. Nikamwelekeza afungue lile dirisha la rangi ya bilinganya, nikaanza kumtajia herufi moja moja, kwa sauti ya kushindana na injini na kaswida ya dereva.

"Weka nafasi!"

"Nafasi ya nani?"

"Nafasi tupu! Ule mbonyezo mrefu wa chini!"

Amri ikaingia. Mashine ikaomba nywila. Na hapa lazima nieleze tabia moja ya dirisha lile: unapoandika nywila, halionyeshi chochote. Si herufi, si nyota, si vidoti. Limekaa kimya, linakutazama. Sababu ni ya busara kabisa, kwamba anayechungulia begani asijue hata urefu wa nywila yako, lakini busara hiyo jaribu kumweleza mtu mwenye wanawake kumi na tano nyuma yake wanaosubiri kujua nani hajarejesha.

"Haiandiki!"

"Inaandika! Endelea tu!"

"Nakwambia haiandiki! Pasiwadi yenyewe ni ipi hasa? Itamke vizuri!"

Nikashusha sauti. Hakusikia. Nikapandisha kidogo. Hakusikia. Mara ya tatu nikaitamka kwa sauti iliyofika siti ya nyuma: "PILAUBILANYAMA! Yote kwa pamoja! Herufi ndogo!"

Daladala ikanyamaza. Konda akageuka. Mama mmoja mwenye kapu la samaki akaniangalia kwa huruma ya kweli, kama vile nimetangaza hali ya nyumbani.

Mashine ikasema samahani, jaribu tena. Mke wangu akaandika tena. Samahani, jaribu tena. Sasa abiria walikuwa wameshaingia kwenye shauri hilo. Mzee mmoja akashauri aandike polepole, konda akashauri aongeze nyama. Ni kijana wa shule, mwenye mkoba tumboni, aliyeuliza swali la maana: "Anko, hiyo kibodi ni ya Kiingereza?"

Nikakumbuka Ujerumani. Neno la nyama lina Y. Mke wangu anaangalia kibodi, anabonyeza palipoandikwa Y, inatoka Z, na kwa kuwa dirisha halionyeshi kitu, hakuna wa kumwambia kwamba tangu mwanzo anaandika pilau bila nzama.

"Bonyeza Z!" nikapiga kelele. "Badala ya Y, bonyeza Z!"

"Mama, bonyeza zedi!" konda naye akasaidia kwenye simu. Siti mbili za mbele zikarudia kwa pamoja. Kisha tukasikia, kwa spika ya simu, printa ikikohoa, ikavuta karatasi, na wanachama wa VICOBA wakapiga vigelegele. Nilishuka Tabata kwa heshima, konda akigonga bodi: "Pilau anashuka!" Nywila niliibadilisha usiku uleule. Jina halijabadilika, konda huyo bado ananiita kwa jina hilo mbele ya abiria.

Hadithi ya saa ni fupi lakini imetuletea ugomvi zaidi. Windows sikuifuta, kwa sababu mke wangu alisema waziwazi kwamba mmoja wetu atabaki nayo, kwa hiyo mifumo yote miwili inaishi kwenye laptopu moja na unachagua unapoiwasha. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo ya betri. Ubuntu huiweka kwenye saa ya dunia, ile ya UTC, kisha yenyewe inajua kuongeza saa tatu za Afrika Mashariki. Windows ikiiona saa hiyohiyo inadhani ni ya hapa hapa, haiongezi kitu. Matokeo yake, ukitoka Ubuntu ukaingia Windows, umerudi nyuma saa tatu. Asubuhi moja simu ilisema 9:00, Windows ikasema 6:00, na saa ya ukutani, ambayo tunaisoma Kiswahili, ilikuwa saa tatu kamili. Mwanangu aliyekuwa na somo la mtandaoni alichagua ile ya Windows, akarudi kulala, na aliamka akiwa na utetezi ambao mwanasheria asingeuvunja. Zipo amri za kuzipatanisha, nami niliiandika mojawapo siku hiyohiyo. Mtoto alisikitika.

Steshenari ya jirani ndiyo mahakama ya rufaa. Nilipeleka barua ya kamati ya harusi niliyoiandika kwa LibreOffice, yenye jedwali zuri la ahadi na michango. Ilipofunguliwa kwenye Word ya pale, jedwali lilisogea kidogo tu, kiasi cha kutosha kumsukuma mwenyekiti wa kamati, jina na sahihi yake, kwenye ukurasa wa pili peke yake. Kijana wa steshenari akaniangalia. "Mzee, hii umeandikia wapi?" Nikamtajia. Akamwita mwenzake aje aone. Nikawaambia hata si jambo geni, kwamba hapo Mlimani tu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice. Wakasikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akasema ningehifadhi kwa PDF. Alikuwa sahihi kabisa, na ilinikera.

Lakini steshenari hiyohiyo ndiyo inayonipa wateja. Flashi ikishaingia kwenye mashine zao inatoka na virusi: mafolda yote yamegeuka vishale, ukibofya hakifunguki kitu, na mtu anaanza kulia kwamba picha za sendofu zimekwenda. Kwenye Ubuntu virusi hivyo havina mahali pa kukanyaga. Unachomeka flashi, unaviona vimelala pale kama vinyonga waliosahau kujibadili rangi, na mafolda ya kweli yako pembeni mazima, yalikuwa yamefichwa tu. Unafuta vinyonga, unarudisha mafolda. Nimeokoa picha za sendofu, tasnifu ya dada wa nyumba ya tatu, na mahubiri ya pasaka ya mchungaji.

Mchungaji alishukuru sana, akasema Mungu amejibu. Dada wa tasnifu alisema flashi ilikuwa imepata joto tu. Wa sendofu hakusema kitu, ila wiki iliyofuata kisimbuzi chake kilipoishiwa kifurushi alikuja kuuliza kama ile flashi aliyoichomeka kwangu inaweza kuwa imekiambukiza.

Halafu mwezi uliopita, usiku, kukabishwa hodi kwa sauti ya chini. Shemeji, na begi. Ndani ya begi laptopu yake, umri sawa na yangu, iliyokuwa imeanza kumwonyesha kila asubuhi tangazo kwamba Windows 10 muda wake umekwisha, anunue kompyuta mpya. Akakaa. Akakubali chai. Akaizungushazunguka habari ya bei za kompyuta mjini mpaka nikamhurumia.

Alikuwa na masharti. Dada yake asijue. Picha ya nyuma ibaki ileile ya maua aliyokuwa nayo. Vitufe vyote vikae palepale vilipokuwa. Na yule mla mchwa asionekane popote. Tulikesha naye, nikamwekea na diski ya SSD iliyokuwa kabatini badala ya ile yake ya zamani inayozunguka, akaondoka alfajiri akiwa ameikumbatia.

Siku mbili baadaye akapiga simu, mwenyewe, si ujumbe wa sauti. Alikuwa na wasiwasi.

"Shem, kuna kitu hakiko sawa. Inawaka haraka mno."

"Haraka vipi?"

"Mimi nimezoea naiwasha, naoga, nakunywa chai, narudi naikuta inamalizia. Sasa naiwasha, hata taulo sijachukua, imeshafunguka inanisubiri. Imeruka hatua gani?"

Nikamwambia haijaruka hatua yoyote.

"Basi ipunguze kidogo," akasema.