Mhadhara wa Bwana Aliyekaa Hamburg Wiki 11

Ndugu wanachuo mnaojiandaa kwenda fildi ng'ambo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Niwieni radhi kwa kuchelewa saa moja na robo. Mada yangu ya kwanza ni kutunza muda.

Mnaniona hivi, mimi ni Mtaalamu Mwandamizi wa Tabia za Kazini Ughaibuni. Cheo hicho nimejipa mwenyewe, kwa kuwa sikumwona mwingine mwenye sifa za kunipa. Nilifanya mafunzo kwa vitendo wiki 11 katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo karibu na bandari ya Hamburg, mji wenye undugu rasmi na Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Kwa hiyo mimi sikwenda ugenini, nilikwenda kwa ndugu. Lugha nayo haikunisumbua. Neno shule tumelitoa kwao, na hela ilikuwa sarafu yao walipotutawala. Mtu mwenye shule na hela amekosa nini?

Siku ya kwanza msimamizi wangu alinitaka nifike "halb neun". Halb ni nusu, neun ni tisa. Mjinga angejitokeza saa tisa na nusu alasiri. Mimi nilikumbuka kwamba saa za Mzungu huanza kuhesabiwa usiku wa manane, nikatoa sita, nikapata saa tatu na nusu asubuhi. Nilifika saa tatu na nusu juu ya alama, nikamkuta bwana yule anaitazama saa ya ukutani kama mtu anayesubiri mazishi. Kumbe Mjerumani akitaja nusu, huwa ni ile ya kuielekea saa aliyoitaja! "Nusu tisa" yake ni saa mbili na nusu yetu. Nilimweleza kwa upole kwamba lugha yake ina kasoro. Nikamkumbusha pia kwamba shirika lao la reli huihesabu treni iliyochelewa dakika chini ya 6 kuwa imewahi. Basi kanuni ya kuchelewa tunakubaliana, mimi na yeye tunatofautiana idadi ya dakika tu. Hakuwa na jibu. Alifumba macho.

Tuje kwenye salamu, ambako ndiko nilikobobea. Watu wa Hamburg wana neno moja, "Moin", la asubuhi, la mchana na la usiku. Wenyewe hutaniana kwamba anayelisema mara mbili mfululizo ni mpiga domo. Niliwahurumia, nikaamua kuwafundisha utu. Kila asubuhi nilipita meza kwa meza: habari za kuamka, za nyumbani, wazee hawajambo, watoto je, na ule mguu unaendeleaje? Meza zilikuwa 14. Mzunguko ulinifikisha saa nne na nusu, nikawa nastahili chai. Kufikia wiki ya pili maendeleo yalionekana: kila nilipoingia, wenzangu walivaa hedifoni. Nilitambua kwamba wanayatafakari maneno yangu kwa utulivu.

Kuhusu heshima, Mjerumani hana shikamoo, ila ana "Sie" ya kumwita mtu kwa adabu na "du" ya watu waliozoeana. Mwenye umri au cheo kikubwa ndiye anayemruhusu mdogo wake kuhamia "du". Mimi nilimruhusu mkurugenzi siku ya tatu.

Habari za kufungua madirisha katikati ya baridi, na za mapipa ya taka yenye rangi mbalimbali, nazipita. Hazina falsafa.

Lakini siku ya kuzaliwa, jamani, msiiguse bila mwongozo wangu. Kule mwenye siku ndiye anayeleta keki. Yangu ilipofika nilikaa kuwasubiri waniletee, na wao, nadhani, walikuwa wakinisubiri mimi. Tulitazamana hadi jioni. Zamu ya mama mmoja wa uhasibu ilipowadia, nikasema hapana, huyu sitamwacha mpweke. Nikamfanyia kama tunavyofanyiana hapa chuoni: chupa ya maji, kichwani, kwa upendo. Ilikuwa Februari. Kompyuta yake ilipona baada ya siku mbili.

Ushahidi wa mafanikio haya ninao mkononi. Ujerumani mtu akiondoka kazini hupewa cheti cha maandishi, na mahakama zao zinataka kiandikwe kwa wema, kisimzibie mtu riziki. Changu, kwa Kiswahili, kinasema hivi: daima alijitahidi, alikuwa mchangamfu na mwepesi wa maongezi. Basi kuna mwalimu mmoja wa Kijerumani hapa mjini, mtu wa kijicho, anayedai kwamba waajiri wa kule, kwa kuwa wamezuiwa kusema mabaya, husema kwa mafumbo. Eti "alijitahidi" maana yake hakuweza. Eti "mchangamfu" ni mtu anayepiga soga wenzake wakifanya kazi. Eti aliyeweza kweli huandikiwa kwamba waliridhika naye kikamilifu kabisa. Nikamuuliza: wewe walikuandikia nini? Akasema hajawahi kufanya kazi huko. Mmeona!

Wewe kijana wa mstari wa mbele, unacheka nini? Nakala za cheti zipo mlangoni, shilingi 2,000, pamoja na picha yangu nikiwa nimemkumbatia mkurugenzi. Mkurugenzi ni yule anayetazama pembeni.