Muulize Bi Mjuzi: Nyumba Imechoka, Ninunue?

Shikamoo Bi Mjuzi. Nimeoneshwa nyumba ya ghorofa mbili Malindi, Mji Mkongwe. Mlango wa nakshi, roshani inaangalia uchochoroni, na bei inazungumzika. Dalali anasema inataka marekebisho madogo madogo. Mume wangu anasema nimerogwa. Ninunue? — Mpenda Roshani

Marahaba mwanangu. Mumeo msamehe kwanza, hajakosea sana. Hayo madogo madogo ya madalali nayajua: paa halipo, na choo kiko njiani kinakuja.

Mlango usikupumbaze. Nyumba huanguka nyuma yake, mlango ukabaki umesimama unapigwa picha na watalii. Wewe panda juu kabisa, siku ya masika mvua ikinyesha, bila dalali. Nyumba hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu zimelala juu ya boriti za mikoko, na adui wao ni maji yanayoingilia juu yakateremka ndani ya ukuta. Boriti huozea kichwani, pale inapoingia ukutani, ndipo hapo hapo rangi mpya inapopakwa kwa mapenzi makubwa. Chukua msumari wa inchi nne, uchome. Ukizama kama kisu kwenye boflo, bei ishuke. Zikiwa boriti tatu zilizofuatana, shuka ngazi taratibu, tena upite pembeni.

Fundi atakayekwambia "tutapiga saruji tu, bibie", mpe chai aende zake. Chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji huufungia unyevu ndani, mbele unang'aa, nyuma unamomonyoka. Na usiguse jiwe kabla ya ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mji huo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, kwa hiyo yale madirisha ya alumini unayoyaota, endelea kuyaota.

Wala usiseme zimesimama miaka mingi, zitasimama tu. Jumba la Beit al-Ajaib, la hapo hapo Mji Mkongwe, la mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki.

Sasa lile usiloniuliza: nani anauza? Ikiwa ni wakfu haiuzwi, hata dalali alie machozi. Ikiwa ni mirathi, wataka saini za warithi wote: aliye Maskati, aliye Toronto, na yule asiyesemezana na ndugu zake tangu arubaini ya baba yao. Huyo wa mwisho ni mgumu kuliko boriti zote.

Boriti zikiwa nzima na huyo akatia saini, nunua. Pesa ya paa iwe mkononi kwanza, makochi baadaye.

*

Bi Mjuzi, jirani kauza, na mnunuzi ameanza kubomoa ukuta tunaoshirikiana. Nimwandikie barua? — Mshirika wa Ukuta

Mwanangu, unaniandikia mimi saa hizi? Kimbilia Mamlaka. Na kitanda kihamishie upande wa pili.