Sifa za Joho la Kuazima

Siku ya mahafali husifiwa wazazi, husifiwa walimu, husifiwa hata mgeni rasmi aliyewasili jua likiwa utosini ilhali kadi ilisema saa tatu asubuhi. Sijapata kumsikia mtu akisimama kulisifu joho la kuazima: lile jeusi la poliesta, linalopenyezwa dirishani likiwa na makunyanzi ya mwaka jana na pini ya mtu mwingine shingoni. Deni hilo la sifa ni zito, na kwa kuwa msimu wa kula nondo umefika, acha nilipunguze.

Kwanza upatikanaji wake. Nguo nyingine yoyote ukiwa na fedha unaipata. Joho halikubali wepesi huo. Lazima jina lako liwe kwenye orodha ya wahitimu, tena liwe limeandikwa sawasawa, maana herufi moja ikizidi umejipatia safari nyingine ya ofisi tatu. Maktaba wathibitishe kwamba huna kitabu chao, bweni wathibitishe kwamba godoro umeliacha, uhasibu waridhike kwamba hudaiwi hata ile faini ya kitambulisho kilichopotea mwaka wa kwanza. Ndipo uombe namba ya malipo, ulipe kwa simu, kisha ukatafute stesheneri ya kuchapisha uthibitisho wa malipo, kwa sababu dirishani wanaamini karatasi.

Halafu foleni. Chuo kimehangaika na semina chungu nzima kuwafanya wanafunzi wa Uhandisi na wa Sosholojia wazungumze. Joho huimaliza kazi hiyo kwa asubuhi moja chini ya mwembe, wote wakiwa wameunganishwa na uvumi kwamba saizi ya kati zimekwisha.

Zimekwisha kweli. Lakini hapo ndipo ukuu wa vazi hili unapodhihirika, kwani joho halimpimi mtu. Mrefu linamwishia magotini, mfupi analiburuza, na jukwaani wote wanahesabika wamevaa. Chini yake kuna suruali ya mtumba kutoka Karume, kuna shati la kaka, kuna gauni ambalo fundi aliapa kulimaliza Alhamisi na likaja usiku wa kuamkia mahafali bila upindo. Joho linafunika yote. Wahenga waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako walikuwa hawajahudhuria mahafali.

Wapo wanaolalamikia joto, na sitawakatalia kwamba lipo. Vazi hili lilikulia katika vyuo vya Ulaya ya kale, kama Paris na Oxford, ambako wanazuoni wengi walikuwa watu wa kanisa na kumbi zao za mawe zilikuwa na baridi. Kile kitambaa cha rangi kinachoning'inia mgongoni, kinachoteleza kikakukaba koo kila unapoinuka kushangilia, kilikuwa kofia kamili ya kukinga kichwa. Mwalimu Nyerere alihitimu Edinburgh mwaka 1952, na Scotland hata kiangazi chake kinataka sweta. Huko joho lina hoja. Dar es Salaam mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zinasitasita, hoja ni dhaifu. Nalitetea hivyo hivyo. Pwani yetu ilivaa joho kabla haijawa na chuo kikuu hata kimoja. Masultani wa Zanzibar walilivaa juu ya kanzu, na bwana harusi wa Lamu huvalishwa lake lenye tarizi, jasho likimtiririka chini ya kilemba, wala hakuna ndugu anayemshauri alivue. Kutokwa jasho kwa ajili ya heshima hatukufundishwa na Oxford.

Hata hivyo sifa kubwa ya joho haionekani ukumbini. Mle shughuli ni fupi: kitivo kizima kinasimama, Mkuu wa Chuo anatamka maneno ya kutunuku, kitivo kinakaa. Kazi inaanza nje, kwenye nyasi, ambako ndugu waliokosa kadi za kuingilia wamengoja tangu asubuhi na mashada yao ya maua ya plastiki. Vigelegele vinapasuka, khanga zinatandazwa mhitimu akanyage, mpiga picha anawapanga watu ambao hajaambiwa nani ni nani. Ikishapigwa ya mhitimu peke yake, mama aliyekesha kwenye basi anasema kwa sauti ya mtu asiyetaka makuu, "Hebu nami nilijaribu."

Analijaribu. Linamkaa vizuri kuliko mwenyewe. Baada yake analivaa baba, ambaye anagoma kucheka pichani kwa sababu wasomi hawacheki. Analivaa mjomba ambaye mchango wake bado ni ahadi. Mtoto wa miaka mitano anavishwa ile kofia ya pembe nne ikamfunika mpaka kidevuni. Mwisho analetwa bibi, aliyeishia darasa la pili, naye anasimama wima kuliko wahadhiri wote waliopita kwenye maandamano ya asubuhi. Edinburgh wana kofia moja ambayo kila mhitimu huguswa nayo kichwani, na wanaionea fahari. Sisi tumewazidi: yetu inapita vichwa vya ukoo mzima. Kwa hesabu ya chuo amehitimu mmoja. Kwa hesabu ya simu ya shangazi wamehitimu sita.

Na isidhaniwe kwamba kuazimwa kunalishusha hadhi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza kwa kuazima. Mwaka 1961 kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya University of London. Mwaka 1963 kikaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Hakikusimama peke yake mpaka 1970. Mhitimu wetu naye ameazima vya kutosha. Bumu lililomlisha lilitoka Bodi ya Mikopo, ambayo ikimkuta na ajira itakata asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Katika vyote alivyokopeshwa, joho ndilo pekee analoweza kulirudisha ndani ya wiki.

Wengi hawalirudishi ndani ya wiki. Sherehe ya nyumbani imepangwa Jumamosi inayofuata, kamati imechangisha, MC ameshikwa kwa kianzio, na mhitimu hawezi kukata keki akiwa na shati tu. Wanapiga hesabu ya faini ya kila siku, wanaiona ni nafuu kuliko kuchapisha kadi upya, na joho linapanda basi la Singida likiwa limekunjwa juu ya magoti ya mtu. Likirejea Dar, karani hulikunjua, hukagua mikono, huhesabu. Joho lipo. Kofia ipo. Kisha huuliza kile kitambaa cha mgongoni kiko wapi, na hapo mhitimu hukumbuka kwamba bibi alikikunja vizuri akakitia sandukuni pamoja na vitenge vyake, na mtu wa kwenda kumwomba akirudishe bado hajapatikana.