Umesema Wahi, Nimewahi

Jumanne asubuhi, mbele ya wateja watatu na fundi cherehani wa fremu ya jirani, muuza viatu vya mtumba wa Mugumu alidaiwa kwa sauti ya mnadani. Ndiye mwandishi wa makala haya.

Usiku uliotangulia alibandika stetasi WhatsApp: raba zimepangwa mkekani kama maharusi, na chini yake, "Belo jipya limekatwa, wahi!" Kabla ya saa nne, mama wa jumla wa Tarime, aliyemkopesha belo tangu masika ya mwaka jana, alishuka kwenye bodaboda, vumbi la Nyamongo likiwa hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umesema wahi, nimewahi."

Akaondoka na jozi kumi na nne, mojawapo ikivuliwa miguuni mwa mteja aliyekuwa anaijaribu.

Mtambo wenyewe una akili za ajabu. Stetasi haimfikii kila mwenye simu. Sharti namba zijuane, wewe umemhifadhi naye amekuhifadhi. Hukaa saa 24, ikafutika. Sasa, wilaya nzima ya Serengeti, nani huhifadhi namba ya muuza viatu? Mteja akishalipa, kwaheri. Mdai ndiye huhifadhi, tena na kwenye simu ya mwanawe. Kwa zaidi ya mwaka, basi, mwandishi amekuwa akiwatangazia wadai neema zake. Na jina la mama yule halikutokea kwa watazamaji hata mara moja, maana aliyezima tiki za bluu huchungulia bila kuonekana. Mwandishi alidhani tiki huzimwa na wenye michepuko tu.

Kuna pia siku alipoangusha tangazo la sandozi kwenye kundi la michango ya msiba. Alitolewa.

Hayo ni ya kujitakia. Lakini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku kama tano. Vijana wanaohimizwa kila semina wajiajiri mtandaoni walikaa na mizigo yao, oda zimefungiwa ndani ya simu, na kodi ya fremu haikusubiri. Nani aliwafidia?

Mtandao uliporudi, ujumbe wa kwanza kuingia haukuwa oda. Ulitoka Tarime: "Mwanangu, mbona kimya?"