Pangaboi la Peugeot

Marehemu baba aliniachia vitu viwili hapa Mwello, Uganda: shamba la mihogo na Peugeot 404 yenye rangi ya maziwa yaliyochacha, na katika viwili hivyo ni shamba peke yake lililopata kunishibisha. Kuliuza gari lile sikuthubutu, kwani marehemu alikuwa akiihesabu miaka ambayo 404 ilishinda mbio za Safari, 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, kwa taadhima ile ile aliyowahesabia mababu, hata nikakua nikidhani kuwa Peugeot ni jamaa yetu wa upande wa shangazi.

Maradhi yake yalikuwa joto. Wafaransa walilitia feni ya ajabu, au pangaboi, kama baba alivyopenda kuiita kwa neno alilorudi nalo kutoka Mombasa, isiyozunguka daima kama za magari mengine ya zama zile, bali hunaswa na sumaku ya umeme maji yanapopata moto, na yakipoa huachiliwa ikapumzika. Hekima ambayo aghalabu sisi wanadamu hatunayo. Sumaku hiyo ilipokufa, gari likawa linachemsha kila safari, likitoa mvuke mwingi hata watoto wa Tororo wakadhani ule mwamba wao, ambao ni kiini cha volkano iliyozimika, umeamka.

"Mwalimu," akaniambia fundi mmoja mzee, "tukaze zile skrubu tatu za mbele, feni ishikane na puli, yaishe."

Nilimwona hana elimu. Feni izungukayo bila sababu hula nguvu za injini na kupiga makelele, ilhali mimi nilitaka yenye akili. Basi nikaenda Busia, mji ambao baiskeli zake za kuvusha watu baina ya vituo viwili vya mpaka ndizo zilizozaa neno bodaboda, na upande wa Kenya nikauziwa feni ya umeme iliyochomolewa katika gari dogo la Kijapani. Upana na urefu wa rejeta nilikuwa nimeupima kwa utepe wa cherehani wa mke wangu. Kina sikukipima, maana sikujua kuwa feni ina kisogo. Nyuma ya rejeta haikuingia. Kijana wa gereji akaigeuza, akaifunga kwa mbele, akaunga nyaya vile vile alivyozikuta.

Lahaula! Feni iliyogeuzwa hupuliza kule ilikokuwa ikivuta. Upepo wa mwendo ukawa unaingia, wa feni unatoka, zikakutana ndani ya rejeta zikakaa baraza, na injini ikatokota. Nikasimama, nikaweka leso yangu ya mfukoni mbele ya grili, mahali ilipopasa kunata. Ikaruka, ikatua kifuani mwa mama muuza ndizi, naye akanitazama kama mtu aliyeposwa bila mahari.

Nyaya zikabadilishwa, leso ikanata, japo kwa unyonge, kwani mapanga yale yalikatwa kwa mzunguko wa upande mwingine. Lakini dainamo ya gari la kale, injini ikizunguka polepole, haitoshelezi hata taa, sembuse feni. Na foleni ya malori mpakani haina haraka. Feni ikanywa betri kimyakimya, injini ikazimika, starta ikakohoa mara moja tu. Nikarudi Uganda nikisukumwa na vijana wanne wa bodaboda, wawili wakidai shilingi za Kenya na wawili za Uganda.

Yule mzee alizikaza skrubu zake tatu kabla chai yake haijapoa. Hakunikumbusha neno, alicheka kwa mabega tu.

Ile feni ya Kijapani nimeifunga dirishani sebuleni kwa betri iliyochoka. Mke wangu anauliza mbona pazia linapepea nje, kuelekea kwa jirani, nami nimemwahidi kuwa nyaya nitazibadili Jumamosi.