Mashine Juu ya Kabati

Baba amekoroma tangu tukiwa wadogo. Mama alikuwa akimsukuma alale ubavu, nasi chumba cha pili tukilala kwa mkoromo ule. Hatukujua kwamba hatari ilikuwa katika kile kimya cha ghafla, kabla hajashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Mwaka jana alianza kusinzia kikombe cha chai kikiwa mkononi. Vipimo alivyofanyiwa Eldoret vilionyesha pumzi yake inakatika mara 38 kwa saa. Ikifika mara 30, madaktari huuita ugonjwa mkali.

Tiba yake ni mashine inayopuliza hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza tiba hiyo mwaka 1981. Tulichangishana, ndugu wote, tukainunua. Ndani yake mna laini ya simu: kila asubuhi hutuma saa alizoivaa, mara ambazo pumzi ilikatika, na hewa iliyovuja. Wazazi wako Bungoma, muuguzi yuko Eldoret, mimi niko Kitale; sote tunasoma namba zile zile.

Usiku wa kwanza, saa tano. Wa pili, saa tano tena. Wa tatu, dakika 48. Wa nne, sufuri. Wa tano, sufuri.

Nikapiga simu. "Baba, unaivaa?"

"Naivaa, mama."

Nikamgombeza. Nilimwambia tumejinyima kwa ajili yake naye anatudanganya. Alinyamaza. Mama akachukua simu, akasema neno moja tu: "Njoo."

Muuguzi naye alinipigia jioni hiyo. Hakulaumu mtu. Alisema, "Usiku wa tatu hewa ilivuja sana kabla haijazimwa. Kaangalie imewekwa wapi."

Jumamosi nikapanda matatu: Kiminini, Kamukuywa, Webuye, hadi Bungoma. Nilipoingia chumbani niliiona mashine juu ya kabati. Mama alikuwa ameipandisha huko wajukuu wasiichezee. Mpira wake ulining'inia kuja kitandani, na kila Baba alipojigeuza ulivuta barakoa, hewa ikapiga filimbi sikioni mwa Mama. Usiku wa tatu, maji ya kulainisha hewa yaliteremka mpirani yakamwingia Baba puani. Aliruka akidhani anazama. Karai lililokuwa juu ya kabati likaanguka, kuku wakapiga kelele, majirani wakaja na tochi wakidhani ni wezi.

Baada ya hapo Baba hakuiwasha tena. Alidhani ameiharibu, na aliogopa kutuambia watoto tuliochanga. Na mimi, kwa simu, nilikuwa nimemzidishia hofu hiyo.

Nilimwomba msamaha kabla sijagusa chochote. Kisha tukaiteremsha mashine hadi kwenye kigoda, chini ya usawa wa kichwa chake, tukakaza mikanda ya barakoa akiwa amelala, si amekaa. Wajukuu nikawaita waione na kuigusa, nikawaeleza kwamba ndiyo inayompa babu yao pumzi. Hawajaisogelea tena bila ruhusa.

Usiku huo nililala sebuleni. Alfajiri Mama alitoka chumbani akitetemeka. "Nilimgusa," alisema. "Kulikuwa kimya sana, nikadhani ametutoka." Baba alikuwa amelala fofofo, kifua kikipanda na kushuka. Namba za asubuhi zilisema saa sita na dakika 20; pumzi ilikatika mara tatu tu kwa saa.

Namba zilituambia mapema kwamba kuna shida, na bila hizo Baba angekaa miezi akificha. Lakini hazikutaja kabati wala hofu. Kama kwenu kuna anayekoroma kisha pumzi ikakatika, mpelekeni akapimwe. Akishapewa mashine, wiki za kwanza fuatilieni namba zake kila asubuhi, na zikishuka msimgombeze. Nendeni nyumbani mkamuulize alilalaje.